Mizani ya Sonara: Habari za Duka la Ukoo Mjini Kampala

Neno sonara lilitufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari, nalo limekaa katika Kiswahili miaka mingi hata wanafunzi wetu wengi hawalidhani kuwa ni geni. Asili yake ni sona, yaani dhahabu, na huko Gujarat fundi wa kazi hiyo huitwa soni. Jina hilo ni la kazi, na papo hapo ni la ukoo na la tabaka. Mtoto huzaliwa nalo kabla hajashika nyundo. Neno duka nalo ni mgeni wa zamani. Basi asemaye "duka la sonara" ametaja wageni wawili waliokwisha kuwa wenyeji, na jambo hilo ndilo lililotuvuta kuandika makala haya. Tumekusudia kueleza habari za duka la namna hiyo mjini Kampala: jinsi lilivyorithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na jinsi urithi huo ulivyokatwa katika mwaka 1972. Duka tutakalolieleza si la mtu mmoja. Ni sura ya maduka mengi yaliyofanana kwa desturi, kwa zana na kwa majaliwa, na kwa sababu hiyo hatutalipa jina.

Yafaa msomaji aelewe kwanza kwamba Buganda haikumngojea Mhindi ili ijue kujipamba. Shaba, pembe na ushanga vilivaliwa huko zamani, na kauri zilitumika kama pesa. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alifika katika baraza la Kabaka Suna katika mwaka 1844, na baada yake misafara ya pwani iliendelea kupeleka nguo, ushanga na waya wa shaba. Pamoja na bidhaa yalisafiri maneno. Mganda husema zaabu kwa dhahabu, ffeeza kwa fedha, omukuufu kwa mkufu na edduuka kwa duka. Walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili nchini Uganda wanaweza kuyatumia maneno hayo manne kuwaonyesha wanafunzi wao kwamba lugha wanayojifunza ilikwisha kupita nyumbani kwao zamani. Ama pesa, Waganda waliendelea kuziita ensimbi, yaani kauri, na hivyo ndivyo waziitavyo hata leo, ijapokuwa kauri zenyewe hazinunui kitu.

Kwa kawaida sonara hatangulii. Hutangulia mwenye nguo na chumvi, kisha mwenye sukari na mafuta ya taa, na watu wakiisha kupata akiba kidogo ndipo sonara aonapo faida ya kufunga safari. Lugard alipiga kambi katika kilima cha Kampala mwezi wa Desemba 1890. Uganda ikatangazwa kuwa nchi ya himaya ya Waingereza katika 1894. Na reli kutoka Mombasa ikafika ukingoni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu siku hizi, katika 1901. Allidina Visram, tajiri aliyeanzia Bagamoyo, alikuwa amekwisha kufungua duka Kampala kabla ya reli. Mtu huyo alikuwa na maduka katika njia zote za misafara, na alipofariki katika 1916 hapakuwa na jina la Kihindi lililojulikana zaidi yake katika nchi hizi. Lakini mwanawe naye hakuishi miaka mingi baada yake, na kampuni kubwa namna ile ikaporomoka. Tumemtaja kwa sababu ya kulinganisha. Himaya ya maduka mengi haikuvuka kizazi cha pili, ilhali kibanda cha sonara, chenye meza moja ya chini na mizani moja, kiliweza kuvuka viwili na kuingia cha tatu.

Na tuitazame meza hiyo. Fundi wa kizazi cha kwanza alikaa chini, miguu ameikunja, mbele yake fuawe ndogo, koleo, tupa, kalibu za kusubia, na taa ya mafuta ambayo mwali wake aliuelekeza kwa kuupuliza kwa mrija wa shaba. Kando yake lilikuwako jiwe jeusi la kupimia. Dhahabu husuguliwa juu ya jiwe hilo ikaacha mstari. Mstari huo hulinganishwa na mstari wa dhahabu ambayo ubora wake unajulikana, kisha hutiwa tone la tindikali, na jicho lililozoea huamua. Mizani yake ilikuwa ya vitanga viwili. Mawe madogo kabisa ya mizani, katika desturi ya zamani ya Wahindi, hayakuwa mawe, bali mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto wetu huziokota vichakani na kuzichezea: mbegu 96 zilihesabiwa kuwa tola moja, yaani gramu 11 na theluthi mbili hivi.

Hapa pana jambo ambalo twaona halikuzingatiwa vya kutosha na waandishi wa historia ya biashara. Rupia ya fedha, iliyotumika Uganda hadi 1920, ilikuwa na uzito wa tola moja barabara. Sarafu ilikuwa ni pesa, tena ni jiwe la mizani, tena ni madini ya kufulia. Mteja aliweza kuleta rupia 20, zikayeyushwa mbele ya macho yake, akarudi nyumbani na kikuku, na kikuku hicho kikapimwa kwa rupia nyingine ili ajue kama hakuibiwa. Zaidi ya hayo, rupia ilikuwa na sehemu 11 za fedha safi katika kila sehemu 12. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ilikuwa na sehemu 11 za dhahabu safi katika 12. Na dhahabu ya karati 22, ambayo Wahindi waliipenda kuliko nyingine, ni hesabu ile ile ya 11 kwa 12. Mwanafunzi wa sonara alipokwisha kuujua uwiano huo mmoja, alikuwa ameijua nusu ya hesabu za duka.

Mambo yakabadilika ghafula. Rupia iliondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo sarafu zake za kwanza zimeandikwa mwaka 1921. Shilingi hiyo ilikuwa na robo tu ya fedha, na zile zilizotolewa tangu 1948 hazikuwa na fedha hata chembe. Aliyeyeyusha shilingi alipata hasara. Sarafu ikaacha kuwa pambo, na pambo likaacha kuwa sarafu. Wanauchumi wataeleza sababu za serikali. Sisi tunatazama matokeo yake dukani. Tangu hapo mteja hakuleta tena madini yake kutoka mfukoni. Alilazimika kununua dhahabu kwa sonara mwenyewe na kulikubali neno lake kwamba hii ni karati 22. Jiwe jeusi na tindikali vilikuwapo, lakini ni wateja wangapi walioweza kuusoma mstari ule? Basi biashara yote ikasimama juu ya uaminifu wa jina la mtu, na jina hilo, likichafuka kwa baba, mwana hakuwa na cha kurithi.

Ndiyo sababu duka la sonara lilikuwa ni la ukoo. Mtoto alianza kwa kufagia, na kufagia huko hakukuwa kazi ya dharau. Tupa hutoa unga, na unga wa dhahabu huangukia sakafuni, huingia katika nguo na katika nyufa za mbao. Takataka za karakana ya sonara hazitupwi. Huwekwa, huchomwa, huoshwa, na dhahabu iliyomo hutolewa. Mtoto aliyefagia vizuri alikwisha kuingiza faida. Baada ya kufagia alijifunza kuvuta waya, kisha kulehemu, kisha kutia nakshi, na mwisho, akiwa mtu mzima tayari, ndipo aliporuhusiwa kushika mizani mbele ya mteja. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Diwali, wafanyabiashara Wahindu wa Kigujarati huvifungua vitabu vipya vya hesabu kwa ibada. Vile vya zamani vilibaki vikisema nani alichukua nini, kwa uzito gani, na ni kiasi gani bado anadaiwa.

Wateja wa kizazi cha pili walikuwa wa namna nyingi. Mke wa Kihindu alipoolewa alipewa dhahabu iliyokuwa mali yake mwenyewe, na dhahabu hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yake siku ya dhiki. Waislamu wa Kampala, wenye asili ya pwani na wengineo, walitaka vipini, vipuli, vidani na mitali. Wanubi wa Bombo walikuwa na mapambo yao waliyoyapenda. Waganda Wakristo walihitaji pete, kwa maana ndoa ya kanisani ilikuja nayo, na hata ikaitwa ndoa ya pete ili ipambanuliwe na ndoa ya desturi. Reli ilipofika Kampala yenyewe katika 1931, mji ulikuwa umepanuka, na lugha zilizosikika mbele ya kabati ya kioo zilikuwa tatu au nne: Kigujarati kati ya baba na mwana, Kiganda kwa mteja wa Mengo, Kiingereza kwa bwana wa serikali, na Kiswahili kwa kila aliyebaki. Kiswahili hicho kilikuwa cha dukani, kifupi, kisichojali ngeli. Tusikicheke. Kiliweza kutaja bei, uzito, deni na siku ya kurudi, na hakuna aliyetoka nacho bila kuelewa anadaiwa kiasi gani.

Hata hivyo hatukusudii kuandika sifa tupu. Ukoo ule ule uliolinda ufundi uliufungia mlango. Ufundi wa soni ulikuwa ni wa damu, na kijana Mwafrika aliyefanya kazi katika duka la namna hiyo alikuwa na nafasi ndogo mno ya kufundishwa siri ya kuchanganya madini au kuachiwa mizani. Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika mji wa Lamu wamo wafua fedha Waswahili ambao hurithishana kazi hiyo kwa vizazi, na kazi yao inasifiwa mbali. Kampala haikupata bahati hiyo, na gharama ya mlango kufungwa ililipwa baadaye na pande zote mbili. Mwaka 1959, Augustine Kamya na wenziwe wa Uganda National Movement walipowataka Waganda wasinunue katika maduka ya Wahindi, mgomo huo haukuzuka hivi hivi. Ulikuwa na malalamiko ya miaka mingi nyuma yake, ingawa vitisho vilivyofuatana nao viliwaumiza watu wasio na hatia.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Oktoba 1962, na wakazi wenye asili ya Asia wakapewa miaka miwili ya kuamua kama watakuwa raia. Wengine waliomba, wengine walisita, na katika nyumba nyingi baba alikuwa na pasi moja na mwana pasi nyingine. Waliona huo kuwa ndio uangalifu. Dhahabu yenyewe iliingia katika siasa: mwezi wa Februari 1966, Daudi Ocheng alisimama bungeni akauliza habari za fedha nyingi zilizowekwa katika akaunti ya benki ya Kanali Idi Amin, na madai ya dhahabu na pembe kutoka Kongo yakawa kashfa iliyomgusa hata Waziri Mkuu Milton Obote. Kabla ya mwezi kwisha mawaziri watano walikuwa kizuizini. Sonara aliyepima dhahabu kwa tola alisoma magazetini kuhusu watu waliodaiwa kuipokea kwa malori. Kisha ikaja sheria ya leseni za biashara ya 1969, iliyowabana wasio raia wasifanye biashara watakapo wala ya bidhaa watakazo.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin, ambaye sasa alikuwa Rais, alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke katika muda wa siku 90. Tangazo likapanuliwa, likawagusa na wale wa India, Pakistan na Bangladesh, na wengi waliodhani kuwa ni raia wa Uganda wakaambiwa kwamba karatasi zao hazikubaliki. Katika hesabu ya watu ya 1969 Waasia walikuwa yapata 74,000. Hadi tarehe 8 Novemba 1972, idadi iliyobaki ilikuwa ndogo sana.

Walioondoka walitakiwa kuandika orodha ya mali zao, na mali zisizohamishika hawakuruhusiwa kuziuza. Pesa za kuchukua zilikuwa takriban pauni 50 kwa jamaa. Njia ya kwenda Entebbe ilikuwa na vizuizi vingi vya askari, na katika vizuizi hivyo bangili zilivuliwa mikononi mwa wanawake na mikufu ikakatwa shingoni. Habari hizo zimesimuliwa sana na hatutazirudia. Twapenda msomaji afikiri juu ya jambo jingine, ambalo ni la sonara peke yake. Mwenye duka la nguo hufunga mlango akaacha nguo zake. Sonara afungapo mlango, ndani mna mali ya watu wengine: bangili iliyoletwa kulehemewa, pete ya marehemu mama inayopanuliwa ili imwenee binti, mkufu uliowekwa rehani hadi mavuno ya kahawa, dhahabu ya bibi harusi ambaye harusi yake ni mwezi ujao. Mali hizo ni amana. Akiondoka nazo ni mwizi, akiziacha zitaibwa, na mwenye nazo huenda yuko Masaka au Mbarara na hajapata habari. Na upande wa pili wapo wadaiwa, ambao kwao siku ya tisini ilikuwa ni siku ya kusamehewa deni. Kitabu cha hesabu kilichotunzwa kwa miaka hamsini kilikuwa na maana kwa muda wote ambao mwandishi wake na waliotajwa ndani yake waliishi mji mmoja.

Maduka yaligawiwa. Wapo waliopewa kwa haki ya ujirani na kazi, lakini wengi walikuwa askari na rafiki za askari, nao watu wakawapa jina la "mafuta mingi". Mwalimu atasema kwamba ilipasa iwe mafuta mengi. Tumwachie Mganda kosa lake, kwa maana jina hilo limeingia katika historia likiwa hivyo na haliwezi kusahihishwa tena. Husimuliwa juu ya mafuta mingi kwamba aliuza mashati kwa kuitazama namba ya kola na kuidhani kuwa ni bei. Kisa hicho huchekesha. Katika duka la sonara kicheko hakikuwapo: palikuwa na jiwe jeusi ambalo hakuna aliyejua kulisoma, kalibu ambazo hazikujulikana ni za nini, na kabati iliyokwisha tupu katika wiki ya kwanza. Shilingi ya Uganda ilipopoteza thamani na magendo yakawa ndiyo biashara, dhahabu ilitafutwa kuliko wakati wowote, na mtu wa kuipima kwa uaminifu alikuwa haba.

Serikali ya Obote ilipitisha sheria ya kurudisha mali katika 1982, na urudishaji wenyewe ulipata nguvu katika miaka ya 1990 chini ya serikali ya Yoweri Museveni. Ukoo wa Madhvani ulirudi Kakira, ukoo wa Mehta ukarudi Lugazi, na mashamba ya miwa yakafufuliwa, kwa kuwa udongo haukuwa umekwenda popote. Maelfu ya majengo ya Kampala nayo yalirudishiwa wenyewe, na wengi wao waliyauza au kuyapangisha kisha wakaondoka tena. Sheria hiyo ilitaja biashara pamoja na majengo. Lakini biashara ya sonara irudishwe vipi? Babu alikuwa amekufa Uingereza. Mwana alikuwa amezeeka katika kiwanda cha soksi. Mjukuu alikuwa mfamasia. Aliyerudi kufungua mlango alikuta kuta nne na mpangaji. Siku hizi dhahabu inauzwa tena Kampala, na baadhi ya wauzaji ni Wahindi waliokuja baada ya 1990, wasio na uhusiano wowote na wale wa zamani. Mapambo mengi huja yakiwa tayari yamekwisha kutengenezwa, kutoka Dubai na India, na ufundi unaohitajika ni wa kuyauza.

Tukitaka kuwaona masonara waliobaki katika kazi yao, twende hadi Leicester, Uingereza. Halmashauri ya jiji hilo ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, ikiwasihi Waasia wasije kwao. Na kama ijulikanavyo, tangazo la namna hiyo huwaelekeza watu mahali ambapo hawakupajua. Walifika kwa maelfu. Katika barabara ya Belgrave, miongoni mwa maduka yaliyofunguliwa na Wahindi wa Afrika Mashariki, maduka ya vito yakawa mengi hata sehemu ile ikaitwa Maili ya Dhahabu. Mambo mawili yalikuwa mapya kwao. Waingereza wamezoea dhahabu ya karati 9, ambayo sonara wa Kampala asingeiita dhahabu. Na sheria ya Uingereza ya 1973 yaamuru kwamba pambo la dhahabu lipimwe na ofisi maalumu, kama ile ya Birmingham, na lipigwe chapa kabla ya kuuzwa kwa jina la dhahabu. Chapa ya ofisi ikachukua mahali pa jina la baba. Mteja alindwa zaidi, hapana shaka. Na mzee aliyekuwa akiaminiwa kwa neno lake ilimbidi apeleke kazi yake kukaguliwa na kijana asiyemjua.

Kigujarati cha wazee hao kina maneno yetu mengi ndani yake. Njugu huziita jugu, muhogo huuita mogo, na neno hilo mogo limefika hata katika orodha za vyakula za mikahawa ya Waingereza. Sufuria na kisu vimo. Jioni, duka likiisha kufungwa na vito vikiisha kuingizwa katika sanduku la chuma, unga uliodondoka chini ya meza ya fundi hukusanywa polepole ili upelekwe kuyeyushwa, kama ulivyokusanywa Kampala. Na chombo cha kuukusanyia, katika vinywa vya waliotoka huku, bado kinaitwa fagio.